Bakuli la Bahti 50 na Chupa ya Mabwana Wawili

Jioni ya kwanza mjini Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, mwanazuoni mwenzangu kutoka Ulaya alinionyesha orodha aliyoihifadhi katika simu yake. Ilikuwa orodha ya mahali pa kula vizuri na kunywa bia kwa bei ya chini, ambayo wasafiri waliotangulia huwarithisha wanaofuata kama wosia. "Hapa," akaniambia, "mtu anaishi kama mfalme kwa mshahara wa karani." Tulikuwa tumekuja kwenye kongamano la siku nne kuhusu kazi zisizo rasmi mijini, na nadhani hakuiona kejeli iliyokuwamo katika kauli yake. Nami sitaki kujifanya mtawa. Nilifuatana naye, nikala, nikanywa, na kesho yake nikarudi palepale.

Tulipoachana njia ni kwenye hesabu, kwani yeye alihesabu kwa yuro nami kwa shilingi. Bakuli la tambi nililokula lilikuwa bahti 50, chini kidogo ya shilingi 4,000 za Tanzania. Kwa chakula cha ubora ule, bei hiyo inavumilika hata kwa mtu aliyezoea kula kwa mama lishe. Lakini chupa kubwa ya bia, ile ya mililita 620, ilikuwa bahti 65 dukani, na zaidi ya 100 katika baa yenye taa za rangi. Hizo ni kama shilingi 5,000 kwa anayenunua dukani na kwenda kunywea chumbani kwake. Hata ukizingatia kwamba chupa yao ni kubwa kuliko yetu, bia ya Chiang Mai haikuwa rahisi kwa mtu aliyetoka Sinza. Kwa nini basi orodha ile iliviweka chakula na bia katika fungu moja, kana kwamba urahisi wao una asili moja?

Hoja yangu ni kwamba hauna. Juu ya meza ileile ya plastiki zilikuwapo siasa mbili zinazopingana. Bakuli ni rahisi kwa sababu mlango wa biashara ya kupika uko wazi kwa yeyote mwenye sufuria, jiko na nguvu za mikono. Chupa ni ghali kwa sababu, pamoja na ushuru mzito, mlango wa biashara ya bia ulifungwa kwa sheria miaka mingi, na funguo wakapewa wachache. Mgeni anayesifia vyote viwili kwa neno moja, "rahisi", anaifuta siasa hiyo yote kwa kitambaa kilekile cha kufutia meza.

Nianze na bakuli, maana linastahili heshima hiyo. Khao soi, chakula kinachoutambulisha mji ule, ni tambi za mayai ndani ya mchuzi wa viungo na tui la nazi. Juu yake hutiwa tambi nyingine zilizokaangwa mpaka zikakauka, na pembeni huwekwa kisahani cha achari ya majani ya haradali, vitunguu vidogo vibichi na kipande cha ndimu. Mtu wa pwani yetu angekaribia kukitambua kwa harufu kabla hajakiona. Chakula hiki huhusishwa na wafanyabiashara Waislamu wa Kichina kutoka Yunnan, waliokuwa wakishuka milimani na misafara ya nyumbu kuja kuuza na kununua katika miji ya kaskazini. Hadi leo, karibu na Msikiti wa Ban Ho, ipo migahawa yao ya chakula halali, na kila Ijumaa asubuhi huwapo soko la watu wa milimani wanaoleta mboga, majani ya chai na vitafunwa ambavyo sikuyajua majina yake. Kwa hiyo hata huo "utamaduni wa Kithai" unaouzwa kwenye vipeperushi vya utalii ni kazi ya wahamiaji na wachuuzi, si ya wizara.

Usiku ukiingia, ng'ambo ya handaki la maji linalouzunguka mji mkongwe ulioasisiwa na Mfalme Mangrai mwaka 1296, mikokoteni hupangwa mbele ya Lango la Chang Phueak. Mmoja anapika wali na mguu wa nguruwe uliochemshwa kutwa nzima, mwingine tambi za kukaanga, wa tatu supu, na wa nne anasaga matunda. Kila mmoja anajua kitu kimoja au viwili, na amevirudia kwa miaka mpaka mkono wake hauhitaji tena mizani. Viti ni vya plastiki, visivyo na mwenyewe. Unaketi penye nafasi, unaagiza kwa huyu na kwa yule, na mwishoni kila mpishi anajua sahani zake.

Watu wa nje wakitaja bei ya chakula hiki hupenda kudhani kwamba ni baraka ya hali ya hewa, au ukarimu wa tabia. Ukweli ni mkavu zaidi. Bei ni ndogo kwanza kwa sababu soko kuu la Warorot, kando ya Mto Ping, na masoko mengine madogo yako jirani, na mpishi hununua alfajiri atakachopika jioni, bila ghala wala jokofu kubwa. Ni ndogo pia kwa sababu pango la kipande cha barabara halifanani na pango la duka. Na ni ndogo kwa sababu ukipandisha bahti 10 bila sababu, jirani yako hajapandisha, na wateja wanahamia kwake kabla mchuzi haujapoa. Huo ndio ushindani ambao wanauchumi wetu huufundisha kwa michoro darasani, kisha hutousikia tena katika mashauri wanayoiuzia serikali.

Ipo sababu nyingine ambayo haiandikwi katika orodha za wasafiri: kazi ya mpishi mwenyewe haijahesabiwa. Anayeuza hadi usiku wa manane alianza kumenya vitunguu saa nane mchana. Binti yake anayeosha vyombo halipwi, na mama mkwe anayefunga mchuzi katika mifuko ya plastiki kwa mipira naye halipwi. Ukiwalipa wote watatu mshahara wa kisheria kwa kila saa, bakuli lile halitabaki bahti 50. Tofauti hiyo anailipa yeye, kwa mgongo wake, na sisi tunaiita bei nzuri. Ninalitetea bakuli hili, lakini siwezi kulitetea kwa kuficha jambo hilo.

Na walaji ni nani? Si wageni peke yao, na zamani hawakuwa wageni hata kidogo. Vyumba vingi vya kupanga katika miji ya Thailand havina jiko. Karani, muuguzi, fundi wa pikipiki na mwanafunzi hununua chakula cha jioni njiani na kukibeba nyumbani katika mifuko, kiasi kwamba Wathai wenyewe huwatania kina mama wa mjini kuwa ni mama wa nyumbani wa mfuko wa plastiki. Kima cha chini cha mshahara katika wilaya ya mjini ya Chiang Mai kilipandishwa kuwa bahti 380 kwa siku kuanzia Januari 2025. Milo mitatu ya bahti 50 inakula zaidi ya theluthi ya fedha hiyo. Kama milo hiyo ingekuwa ya bahti 100, mshahara ule usingemtosha mtu kufika jioni, na mwajiri angelazimika ama kulipa zaidi au kukosa wafanyakazi. Mpishi wa barabarani, kwa hiyo, anawaruzuku matajiri wa mji kwa kulisha wafanyakazi wao kwa bei ambayo mishahara midogo inaweza kuihimili. Hakuna hoteli inayomshukuru.

Kuna jambo moja zaidi, nalo nalisema kwa ajili ya watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu. Tangu mwaka 2001 Thailand ilianzisha mpango wa matibabu ulioitwa mpango wa bahti 30, kwa sababu mgonjwa alichangia bahti 30 kila anapokwenda kutibiwa, na mwaka 2002 ukapata sheria yake. Uliwaingiza katika huduma ya afya mamilioni ya watu wasio na mwajiri, wachuuzi wakiwamo. Mtu ambaye anajua kwamba ugonjwa wa mtoto hautamlazimisha kuuza mkokoteni wake anaweza kuridhika na faida ndogo kwa kila bakuli. Sisemi kwamba mpango ule ndio uliopanga bei ya tambi. Nasema kwamba chini ya mkokoteni ule ipo sakafu iliyojengwa na dola, na wanaokuja kujifunza "roho ya ujasiriamali" ya wachuuzi wa Asia hupiga picha mkokoteni na kuiacha sakafu.

Sasa chupa. Kiwanda cha kwanza cha bia nchini Thailand, Boon Rawd, kiliasisiwa mwaka 1933 na Phraya Bhirombhakdi. Bia yake maarufu ni Singha, na baadaye ikaja Leo, ambayo ndiyo utakayoiona zaidi kwenye meza za watu wa kawaida. Mwaka 1995 alijitokeza mshindani wa kweli, bia ya Chang, ya Charoen Sirivadhanabhakdi, aliyetajirika katika biashara ya pombe kali wakati pombe hiyo ilipotengenezwa kwa vibali maalumu vya serikali. Kampuni yake, ThaiBev, ilipotaka kuuza hisa Bangkok mwaka 2005, watawa wa Kibuddha na wanaharakati waliandamana kupinga pombe kuingia katika soko la hisa. Mwaka uliofuata hisa hizo zikauzwa Singapore. Watawa walishinda, na fedha nazo hazikushindwa. Kwa miongo miwili na zaidi majumba hayo mawili yamegawana sehemu kubwa mno ya bia inayonywewa nchini humo.

Sina ugomvi na mtu kutajirika kwa bia nzuri. Ugomvi wangu ni na ngazi iliyovutwa juu baada yao. Kanuni za mwaka 2000 zilitaka anayeomba leseni ya kutengeneza bia awe na mtaji uliosajiliwa wa bahti milioni 10. Kama bia hiyo ni ya kunywewa palepale inapopikwa, alitakiwa atengeneze si chini ya lita 100,000 kwa mwaka wala si zaidi ya milioni moja. Kama anataka kuuza nje ya jengo lake, alitakiwa atengeneze angalau lita milioni 10 kwa mwaka. Soma tena, ndugu msomaji: angalau. Sheria iliyodai kulinda raia dhidi ya ulevi iliharamisha kutengeneza bia kidogo na kuhalalisha kutengeneza nyingi. Mtu mwenye pipa moja nyuma ya nyumba alikuwa mhalifu, ilhali mwenye matangi yanayoonekana kutoka barabara kuu alikuwa mlipakodi wa kupigiwa mfano.

Matokeo yake yalichekesha na kusikitisha kwa pamoja. Vijana wa Kithai waliojifunza ufundi huo walivuka mipaka kwenda Kambodia na Vietnam, wakapika huko bia zao kwa mapishi yao, kisha wakaziingiza nchini mwao kama bidhaa za kigeni. Linganisha na mpishi wa khao soi. Hebu fikiria angeambiwa kwamba hawezi kupewa kibali mpaka apike mabakuli milioni moja kwa mwaka, au la sivyo akapike Laos na kurudi na sufuria mpakani. Mji ungekuwa na migahawa miwili, tambi zingekuwa na ladha mbili, na orodha ya mwenzangu ingekuwa fupi sana.

Mwaka 2017 kijana mmoja, mhitimu wa sheria, Taopiphop Limjaroenrat, alikamatwa kwa kutengeneza bia nyumbani. Miaka miwili baadaye alichaguliwa kuwa mbunge, akapeleka bungeni muswada wa kufungua mlango kwa wazalishaji wadogo. Novemba 2022 muswada huo uliangushwa kwa kura 196 dhidi ya 194. Serikali, kwa ustadi unaojulikana na watumishi wa umma wa kila nchi, ilikuwa imetoa kanuni mpya siku moja tu kabla ya kura hiyo, ikiondoa baadhi ya masharti na kuweka mengine, ili mbunge mwenye wasiwasi aweze kusema kwamba muswada hauhitajiki tena. Kura mbili tu! Wanafunzi wangu wanaoniuliza kama kura moja ina maana yoyote nawaelekeza kwenye hesabu hiyo.

Najua nitajibiwa kwamba pombe inaua. Ni kweli, na sizungumzi kama mtu asiyejua nyumba zilizobomolewa nayo. Ajali za barabarani, hasa za pikipiki, ni msiba wa kila mwaka nchini Thailand, na pombe imo ndani yake. Serikali yao iliunda mwaka 2001 mfuko wa kukuza afya unaopata fedha kutokana na nyongeza ya asilimia 2 ya ushuru wa pombe na tumbaku, jambo ambalo nchi zetu zingeweza kuliiga bila aibu. Lakini hoja ya afya haina budi kupima wote kwa kibaba kimoja. Kama lita moja ina madhara, ina madhara hata ikitoka katika kiwanda cha lita milioni 10. Kodi inayopanda kwa kadiri ya kileo, ukaguzi wa usafi, adhabu kali kwa dereva mlevi: hizo ni sera za afya. Kima cha chini cha uzalishaji si sera ya afya. Ni ukuta.

Tazama pia sheria ya mwaka 2008 ya kudhibiti vileo. Kifungu chake cha 32 kilikataza matangazo, na kikatumika hata dhidi ya watu binafsi waliobandika mitandaoni picha ya bilauri na maneno ya kuisifia. Mwenye baa ndogo akisema bia yake ina harufu ya maua, aliweza kuitwa kituoni na kutozwa faini ya makumi ya maelfu ya bahti. Wakati huohuo, majumba makubwa yanauza maji ya kunywa na maji ya soda yenye majina na alama zilezile za bia zao, na alama hizo zimetundikwa juu ya viwanja, miavuli na mabango. Mkubwa anatangaza maji na kila mtu anasoma bia. Mdogo hana maji ya kutangaza.

Na zile saa! Kwa miongo mingi ilikuwa marufuku kuuza pombe kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja jioni. Asili yake ni tangazo la utawala wa kijeshi la mwaka 1972, na inasimuliwa kwamba lengo lilikuwa kuwazuia watumishi wa serikali wasinywe saa za kazi. Nusu karne baadaye ofisi zilikuwa zimebadilika, tawala za kijeshi zimekuja na kuondoka na kurudi, lakini mtalii wa Kijerumani mwenye likizo yake alikuwa bado anasimama mbele ya friji ya duka saa nane na dakika tano, akikatazwa bia kwa sababu ya karani wa 1972. Mwenzangu lilimpata hilo siku ya pili. Hakulipenda, nami sikumhurumia.

Wapo watakaosema kwamba nimeipamba dola kwa upande wa bakuli na kuilaani kwa upande wa chupa. Hapana. Bakuli halikuachwa kwa sababu dola ililipenda. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya mwaka 2014, mamlaka ya jiji la Bangkok yaliendesha kampeni ya kurudisha njia za kando kwa waenda kwa miguu, na wachuuzi wakaondolewa katika mitaa waliyoilisha kwa vizazi. Mwaka 2017 ilipotangazwa kwamba chakula cha barabarani kingefutwa katika jiji zima, dunia ilipiga kelele, na mamlaka yakaharakisha kusema kwamba Yaowarat na Khao San havitaguswa. Angalia ni wapi palipookolewa: mtaa wa Wachina unaopendwa na watalii, na mtaa wa wabeba mikoba. Mpishi aliyekuwa akiwalisha makarani nje ya ofisi zao hakuwa na mwandishi wa kigeni wa kumpigia kelele.

Desemba mwaka huohuo, mwongozo wa Michelin wa Bangkok ulitoka kwa mara ya kwanza, baada ya mamlaka ya utalii kukubali kulipa bahti milioni 144 kwa miaka mitano. Jay Fai, mpishi wa mtaani anayevaa miwani mikubwa mbele ya moto wa mkaa, akapewa nyota. Anastahili, kwa maoni ya wote waliokula kwake. Kimanda chake cha kaa kilifikia bei ya takriban bahti 1,000, na foleni ikawa ya wageni. Chiang Mai nayo iliingizwa katika mwongozo huo kwa toleo la mwaka 2020. Mwaka mmoja, kwa hiyo, uliiona dola ileile ikimfukuza mpishi kwa mkono wa kushoto na kumnunulia nyota kwa mkono wa kulia. Kigezo kilikuwa nani anayekula. Chakula cha barabarani kinachomlisha mgeni ni urithi wa taifa. Kinachomlisha mfanyakazi ni uchafu wa mazingira.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji niendelee sana hapa. Sisi tuliwauzia machinga vitambulisho vya shilingi 20,000 mwishoni mwa 2018, na kufika Oktoba 2021 tulikuwa tunavunja vibanda vyao. Kenya ilihalalisha chang'aa mwaka 2010, kisha ikadai itiwe katika chupa za vioo zisizopungua mililita 250, sharti ambalo mama wa Mathare aliyeipika maisha yake yote hakuwa na njia ya kulitimiza. Uhuru wa kutengeneza ulitolewa kwa maneno na kunyang'anywa kwa vipimo vya chupa. Sheria zetu za vileo na za mitaani zinaandikwa na watu ambao hawajawahi kuuza kitu kwa kipimo cha kikombe, na vikao vya kuziandika vinalishwa na mama lishe yuleyule, ambaye huingia kwa mlango wa nyuma na masinia yake.

Nirudi Chiang Mai, kwa kuwa kuna watu sijawataja. Karibu na nyumba niliyofikia palikuwa na jengo linalopanda ghorofa, na jioni vijana wa ujenzi waliketi ukingoni mwa barabara na mifuko yao ya wali unaonata. Wengi wa wafanyakazi wa aina hiyo katika mji ule ni Washan kutoka Myanmar, na idadi ya wanaovuka mpaka iliongezeka baada ya jeshi la nchi yao kupindua serikali mwaka 2021. Kwa sheria wanastahili bahti 380 zilezile. Kwa desturi, wengi hupokea pungufu, na asiye na karatasi hana wa kumlalamikia. Kwa anayepata mshahara kamili, chupa moja ya bahti 65 ni zaidi ya sehemu moja ya sita ya siku nzima juani. Niliwaona watatu wakigawana chupa moja kwa vikombe vya plastiki vyenye barafu, kwa uangalifu wa watu wanaogawana dawa. Mwenzangu alipita karibu nao akielekea kwenye baa ya tatu katika orodha yake. Alikuwa amefika kwenye bia rahisi, na wao walikuwa wamekaa mbele ya bia ghali, na ilikuwa bia ileile, ya jina lilelile, yenye picha ya chui.

Mlango sasa umeanza kusukumwa. Januari 2025 Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa wingi mkubwa wa kura, marekebisho ya sheria ya ushuru wa bidhaa yanayokusudia kulegeza masharti kwa wazalishaji wadogo wa pombe. Ni hatua, na waliokamatwa wana haki ya kuifurahia. Lakini bia haitoki kiwandani na kuruka hadi mezani. Mwaka 2016 kundi la kampuni la mwenye Chang lilinunua Big C, mojawapo ya minyororo mikubwa ya maduka nchini humo. Maduka madogo yanayofunguliwa usiku na mchana kwenye kila kona, ya 7-Eleven, yako chini ya jumba jingine kubwa, la CP. Na mwaka 2023 alipopatikana mtu mpya wa kuingia katika soko la bia kwa kishindo, alikuwa Carabao, kampuni ya kinywaji cha kuongeza nguvu iliyokuwa tayari na kiwanda, magari na wauzaji nchi nzima. Mdogo anaweza kupewa leseni ya kupika na bado akakosa sentimita 30 za rafu.

Usiku wa mwisho niliingia katika duka la kona kutafuta bia ya mtengenezaji mdogo wa kaskazini, niipeleke nyumbani kama ushahidi. Friji ilikuwa na milango minne. Nilihesabu rafu zote, juu hadi chini: Leo, Singha, Chang, Leo, Chang, na ya Kiholanzi kidogo pembeni. Nilimuuliza kijana wa kaunta kwa ishara na kwa Kiingereza cha kuvunjika cha pande zote mbili. Alifikiri kidogo, akanielekeza kwenye safu ya chini kabisa, nikainama kwa matumaini. Yalikuwa maji ya soda, na kwenye chupa palikuwa na alama ya simba.